Karatasi Iliyosafisha Kisima

Benchi la Shangazi lina miguu minne lakini linasimama kwa mitatu. Wa nne umewekewa tofali, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kulia lazima akae kwa adabu. Limeegemea ukuta wa duka la fundi redio, pale lami inapoishia na vumbi kuanza, na mbele yake kuna jiko la mkaa, birika la shaba na vikombe vidogo visivyo na vishikio. Nyuma ya duka kuna chumba cha Shangazi na kisima alichokichimba marehemu mume wa Shangazi kwa mikono yake mwenyewe. Ng'ambo ya mtaro ndiko kiliko kiwanda cha ngozi. Ikifika alasiri hufungulia maji yake machafu, mtaro ukabadilika rangi, na harufu ya mayai viza ikaja kukaa benchini kama mteja wa kila siku. Siku hiyo harufu ilifika mapema, na watu walikuwa wamefura kwa hasira kabla hata ya kikombe cha kwanza.

Kilichowafurisha ni karatasi. Alikuwa nayo Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata siku moja. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, akastaafu na miwani, kalamu tatu na lugha ya mahakamani ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kumvua.

— Nasoma, akasema. Tulieni. "Sampuli ya maji ya kisima cha mtaa imepimwa. Maji hayana rangi, hayana harufu, wala hayana kemikali iliyozidi kiwango. Yanafaa kwa kunywa, kupikia na kufulia. Malalamiko ya wakazi dhidi ya kiwanda yamefungwa."

— Hayana nini? akauliza Redio.

— Harufu.

— Hebu rudia.

— Hayana harufu.

— Yaani pua yangu ndiyo mgonjwa! Pua za mtaa mzima zinaumwa, iliyo nzima ni ya mtu mmoja tu aliyekaa ofisini!

Redio ndiye mwenye duka. Anatengeneza redio, simu na chochote chenye waya, na kwa kuwa redio zinazosubiri vipuri huwa zimewashwa kutwa, habari zote hupita kwake kwanza, za kweli na za kupikwa. Aliingia ndani akatoka na kipande cha waya, akakiinua juu.

— Ona huu. Juzi nimeumenya, shaba inang'aa kama pete ya harusi. Leo tazama, mweusi tii! Nimeugusa? Sijaugusa. Ni hewa hiyo. Sasa hewa inayokula shaba, mapafu yangu ya nyama itayaonea huruma gani?

— Na udongo je? akadakia Wakili. Tuta langu la pale ukingoni lilikuwa linaota hata usipopanda. Leo mboga zimekuwa njano, na juu ya udongo pameota ukoko mweupe. Nimeuonja, una chumvi chumvi na ukali fulani...

— Umeuonja?

— Ilikuwa kwa ajili ya ushahidi.

— Mzee wewe ipo siku utakuja kuonja betri.

Shangazi alikuwa amechutama mbele ya jiko, anapepea. Karatasi ilipofika kwenye neno "harufu" mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea, kasi kuliko mwanzo, mpaka cheche zikaruka na Redio akavuta miguu yake.

— Taratibu, Shangazi, utatuchoma. Hata wewe umekasirika, eh?

— Nimekasirika, akasema Shangazi. Na ni kweli alikuwa amekasirika, ila hakusema amemkasirikia nani.

Mwisho wa kushoto wa benchi alikaa Dobi. Chumba chake cha kufulia kiko hatua ishirini kutoka kisimani, na kwa miaka kumi na tisa mashati ya mtaa huu yamepita mikononi mwake. Sasa mikono hiyo ilikuwa imefungwa vipande vya shuka la zamani. Chini ya vitambaa kulikuwa na mipasuko, na vidonda vidogo vya duara ambavyo havikutaka kufunga, hata apake nini. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, kama mtu anayeshika kifaranga.

— Wakili, akasema, hebu niambie. Hapo kwenye kufulia wameandikaje?

— "Yanafaa."

Dobi alicheka, lakini si kicheko cha kumfurahisha mtu.

— Mnajua daktari wa zahanati alikuwa anasubiri hiyo karatasi. Aliniambia hivi: ikitoka kuwa ni maji, nakuandikia barua, kiwanda kikutibu na mtaa uletewe bomba. Ikitoka kuwa si maji, basi ni sabuni yako, tafuta kazi nyingine. Leo asubuhi nimekwenda. Ameisoma nakala yake, akanitazama, akasema, tafuta kazi nyingine.

— Sabuni! akasema Redio. Miaka kumi na tisa sabuni ilikuwa imelala, mwaka huu ndiyo imeamka!

— Nitafute kazi gani? Mikono hii inajua kola na mikunjo ya suruali, basi. Nikaendeshe ndege?

Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatoa karatasi ya pili mfukoni, akailaza gotini.

— Sheria haijatuacha yatima, akasema. Hii ni fomu ya pingamizi. Mwisho wa kuipokea ni kesho saa sita mchana. Jina nimejaza, namba ya shauri nimejaza. Imebaki sehemu moja tu: "Eleza sababu za kupinga matokeo ya kipimo." Sasa ndugu zangu, siwezi kuandika kwamba hatujapenda. Lazima niseme kipimo kilikosewa wapi.

— Hapo pana kazi? akasema Redio. Andika: chupa ilibadilishwa njiani.

— Ushahidi?

— Yule Bwana Mazingira aliyekuja kuchukua maji, koti lake lilikuwa na mifuko minne. Mtu wa ofisi mifuko minne ya nini? Mmoja kalamu, mmoja simu, miwili chupa. Hii inaingia, ile inatoka. Changa la macho!

— Naomba kutofautiana, akasema Wakili. Chupa ni ile ile. Tatizo ni mashine. Nina taarifa kwamba mashine ya kupimia maji ilitolewa zawadi na kiwanda chenyewe. Sasa mashine itamtaja vibaya aliyeinunua?

— Taarifa umeipata wapi?

— Kwako.

— Basi ni ya kweli. Lakini sikiliza, kuna kubwa kuliko hilo.

Redio akasogea mbele, akapunguza sauti. Akipunguza sauti watu hujua sasa anaacha barabara na kuingia porini.

— Chini ya kile kisima kuna bomba. Limetoka kiwandani, limepita chini ya mtaro. Kuna mtu kiwandani kazi yake ni kutazama barabara tu. Akiona gari la serikali, anafungua koki, maji safi yanajaa kisimani. Gari likiondoka, anafunga. Siku ile Bwana Mazingira alipokuja, umeme haukukatika? Ulikatika! Pampu ilikuwa inavuta.

— Umeme hapa hukatika kila siku, akasema Dobi.

— Kwa hiyo pampu inavuta kila siku! Ndiyo nasema!

— Mimi nakwenda mbali zaidi, akasema Wakili, na akainua kidole. Yule hakuwa ofisa kabisa. Miwani yake haikuwa na vioo vya kweli. Mimi ni mtu wa miwani, najua. Tena mlimtazama miguuni? Viatu vya ngozi. Ngozi! Inang'aa! Mtu wa kiwanda yule, mia kwa mia.

— Sasa viatu viwe vya nini, vya bati?

— Dobi, wewe uko upande wetu au upande wao?

— Mimi niko upande wa mikono yangu.

Shangazi akamimina raundi ya pili. Kahawa ilikuwa nzuri kama kawaida, nyeusi na safi, na povu lake jembamba pembeni. Wakavuta mafundo, kila mmoja akatoa ile sauti ya kushukuru ambayo miaka yote ilikuwa ikimtosha Shangazi kama mshahara.

— Yaani hata maji yameoza, kahawa ya Shangazi haiozi, akasema Redio. Huyu mama ana dawa.

— Ni kuchemsha, akasema Wakili. Anachemsha mpaka kemikali zinasalimu amri.

— Mimi nawaambieni ukweli, akasema Dobi. Mwaka jana maji yalipoanza kunuka, nilitaka kuacha kuyafulia. Nilishapata hata mkokoteni wa kuletea maji ya mbali. Halafu nikawa nakuja hapa, naiona kahawa ya kisima kile kile, watu wanakunywa, hakuna anayeumwa. Nikajiambia, kama Shangazi anayapikia watu, mimi ni nani nisiyafulie nguo? Nikarudisha mkokoteni.

Birika likagonga ukingo wa jiko. Shangazi akalishika kwa mikono miwili.

— Umeungua? akauliza Dobi.

— Hapana. Kunyweni.

Hakuwa ameungua. Mawazo yake yalikuwa yamerudi alfajiri ya siku moja ya mwaka jana, baada ya mvua kubwa, alipoteka ndoo ya kwanza na maji yakamjia na rangi ya chai iliyolala na utando wa kung'aa juu. Aliyamwaga. Akachukua madumu mawili, akatembea hadi bomba la shule kabla ya watu kuamka, na mlinzi akamfungulia lango. Kesho yake akaenda tena. Angemwambia nani? Kahawa yake inaitwa kahawa ya kisima. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuifuata, na marehemu alikuwa akisifia kwamba maji yake ndiyo yanayoipa utamu. Shangazi alijiambia ni siku chache, kisima kitajisafisha. Siku zikawa mwezi, mwezi ukaenda kutafuta wenzake. Malalamiko ya mtaa yalipoandikwa na yeye aliweka sahihi, ya kwanza kabisa, kwa sababu aliona ni kweli, kiwanda kimeua kisima cha mume wake. Ila la bomba la shule hakulisema.

Halafu akaja Bwana Mazingira. Alikuja na chupa yake tupu yenye kifuniko chekundu, akatazama njia ya kwenda kisimani, jinsi tope la mtaro lilivyokuwa limetapakaa, akatazama na viatu vyake. Akakaa benchini. Akasema, "Mama, nijazie humu maji ya hapa kwako, na mimi nionje hiyo kahawa inayosifika." Shangazi alikwenda na chupa hadi kisimani, hilo Mungu anajua. Akateka. Yale maji yalivyopanda na ule uvundo, aibu ikamshika. Mgeni wa serikali, chupa safi hivi, amtilie uchafu huu? Waandike mjini kwamba kwa Shangazi maji yananuka, na kila siku watu wanakunywa? Akamwaga. Akaingia ndani kwake, akajaza chupa kwenye mtungi wake. Bwana Mazingira akamaliza kahawa, akaandika kitu kwenye kibandiko, akashukuru, akaondoka na viatu vyake safi.

Tangu siku ile Shangazi alikuwa akijiambia kwamba wana mashine zao, wataona wenyewe. Mashine iliona ilichopewa.

— Shikamooni, wazee.

Wote wakageuka. Alikuwa binti mwenye ngazi begani na rangi ya buluu hadi kwenye viwiko, yule fundi wa mabango aliyekuwa tangu asubuhi anaandika upya jina la duka la dawa upande wa pili wa barabara.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

Akaweka ngazi ukutani, akakaa mwisho wa kulia, benchi likainama naye akainama nalo.

— Upande huo unakaa kwa adabu, akasema Redio. Sogea kidogo. Eeh, hapo hapo.

Binti akapokea kikombe, akasikiliza. Ilikuwa sasa zamu ya Redio kueleza kwamba kiwanda kina dawa ya unga, ukitia kijiko kimoja kwenye ziwa zima mashine zote za kupimia zinalewa. Wakili alikuwa anapinga kwamba si unga, ni mvuke. Dobi alikuwa ameinamia mikono yake. Fomu ilikuwa bado gotini kwa Wakili, ile sehemu ya sababu nyeupe kama ilivyotoka ofisini.

— Samahanini wazee, akasema binti. Niulize?

— Uliza, mtaa huu haukatazi.

— Sisi kwenye rangi, ikitoka mbovu ukutani, hatuanzi na kiwanda wala dukani. Tunauliza kwanza, nani aliyechanganya. Sasa hayo maji yaliyopimwa, nani aliyeyateka?

Redio akafungua mdomo.

— Si ni yule Bwana Mazingira?

— Ulimwona akiteka?

— Mimi nilikuwa ndani na redio ya mteja. Wakili ndiye aliyekuwepo.

— Mimi nilikuwepo, akasema Wakili, na nathibitisha kwamba alikaa pale pale ulipokaa wewe, akanywa kahawa, akaondoka na chupa imejaa.

— Alikaa muda wote?

— Muda wote.

— Sasa chupa ilijaaje?

Wakili akatazama kalamu yake. Redio akatazama waya wake mweusi, akaugeuza huku na huku kama jibu limeandikwa upande wa nyuma. Miaka yote ya kijiwe hicho hapakuwahi kuulizwa swali likakosa majibu matano. Hili halikupata hata moja.

— Kahawa imeisha, akasema Shangazi.

Akachukua birika, akachukua ndoo, akapita pembeni mwa duka kuelekea nyuma. Wakasikia kamba ikishuka, ndoo ikigonga maji, kamba ikipanda. Hawakuwahi kumwona akiteka alasiri, maana siku zote maji yake huwa tayari ndani. Akarudi na viatu vimejaa tope, akatia kahawa, akaweka birika jikoni, akapepea. Lilipochemka akapanga vikombe vinne juu ya benchi, akamimina.

Mvuke ukawapanda usoni. Redio ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudisha kichwa nyuma.

— Shangazi! Nini hiki?

— Kahawa ya kisima.

— Haiwezekani. Ile nyingine je?

— Ile nyingine ni ya bomba la shule. Bwana Mazingira alichukia kuchafua viatu, akanipa chupa nikamjazie. Nikajaza mtungini. Niliona aibu.

Alisema hivyo bila kukaa chini, birika likiwa bado mkononi. Alitegemea kelele. Redio angefoka, naye angejibu, wangefokeana, halafu ingekwisha. Redio hakufoka. Alikuwa anamtazama Dobi.

— Bomba la shule tangu lini? akauliza Dobi.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza shati liko tayari lini.

Shangazi alijua siku yenyewe. Alijua hata kanga aliyokuwa amevaa asubuhi ile. Akaweka birika chini.

— Kabla sijarudisha mkokoteni, au baada?

Harufu ya mtaro na harufu ya vikombe zilikuwa kitu kimoja sasa, huwezi kujua ipi inatoka wapi. Binti wa mabango akainuka taratibu ili benchi lisigonge, akaomba chupa. Redio akamtolea dukani moja ambayo haijafunguliwa, akamwaga maji yake chini, akampa, na wawili hao wakaenda kisimani bila kutazama walipokanyaga. Wakili alikuwa ameanza kuandika. Aliandika polepole, kwa herufi za mahakamani, akafika mahali akasita.

— Shangazi, nitahitaji jina lako kamili, akasema chini chini. Na la yule aliyekupa chupa, kwa kuwa kazi ya kuteka ilikuwa yake. Na yeye lazima aulizwe.

— Andika langu kwanza, akasema Shangazi.

Dobi alinyanyuka. Alichukua kikombe chake kwa viganja viwili, akakinusa, akakirudisha mahali pake juu ya benchi, vizuri, kisimwagike. Akafunga vizuri kitambaa cha mkono wa kulia kwa meno. Shangazi akasogea amsaidie kufunga fundo, kama anavyomsaidia kila siku, na Dobi akarudisha mkono nyuma. Hakuurudisha kwa ubaya.

— Asante kwa kahawa, mama, akasema kama mteja wa kupita, akaondoka.

Miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita mama. Alikuwa akimwita Shangazi.